Anza na basi la mwisho: ziara za miji ya kale kusini mwa Ufaransa

Mgeni akishatua Nîmes na kulala usiku mmoja, swali lake huwa lile lile: leo tunaenda wapi? Orodha anayo tayari kwenye simu. Avignon, Arles, Uzès, Pont du Gard, Les Baux, Carcassonne, na Marseille ikipatikana nafasi, yote hayo ndani ya siku nne. Kwenye ramani miji mingi kati ya hii imekaa karibu kweli. Uzès haifiki kilomita 30 kutoka Nîmes, na Arles ni karibu mwendo uo huo. Mimi huanza na swali jingine: basi la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi? Nikishapata jibu, siku nzima naipanga kuanzia hapo kurudi nyuma hadi kwenye kifungua kinywa.

Nimeishi na kufanya kazi hapa muda wa kutosha kuwapokea ndugu kutoka Malindi na Mombasa, rafiki kutoka Muscat, na binamu yangu anayeishi Minnesota. Ninayoyaandika ndiyo niliyojifunza kwa kuzunguka nao. Nayaandika kwa sababu naipenda nchi hii ya kusini, na inaniuma kuona mtu amelipa nauli ya ndege yote ile, kisha anarudi nyumbani akikumbuka vituo vya mabasi tu.

Treni huunganisha miji mikubwa vizuri. Kutoka Nîmes unafika Arles, Avignon au Montpellier kwa nusu saa au zaidi kidogo. Lakini ule mji mdogo wa kale, ule hasa uliokutoa kwenu, mara nyingi hauna treni ya abiria. Uzès haina. Les Baux haina. Hapo unategemea basi la mkoa, na basi la mkoa halikuwekwa kwa ajili ya watalii. Liliwekwa kwa ajili ya mwanafunzi anayekwenda shule mjini na mfanyakazi anayewahi zamu. Ndiyo maana mabasi huwa mengi asubuhi na jioni, na katikati ya mchana ni ya kuhesabu. Shule zikifungwa, ratiba hubadilika. Jumapili na sikukuu yanapungua sana, na tarehe 1 Mei, Sikukuu ya Wafanyakazi, usiyategemee kabisa. Jambo jingine ambalo wageni hawaambiwi ni kwamba mto Rhône, huku kwetu, ndio mpaka wa mikoa. Magharibi ya mto ni Occitanie na mabasi yake yako chini ya mtandao wa liO. Mashariki ni Provence na mtandao wake unaitwa ZOU!. Kila mtandao una ratiba zake na tiketi zake. Ukipanga kuvuka mto, angalia kwanza basi lako ni la upande gani.

Kulala mahali pamoja kunaokoa safari. Familia inayohama hoteli kila siku hupoteza asubuhi kwa kufunga mabegi na alasiri kwa kungoja saa ya kupewa chumba, na katikati hapo wanauona mji huku wakiburuta mizigo juu ya barabara za mawe. Chagua mji mmoja wenye stesheni kubwa, lala hapo siku zote, na ziara ziwe za kwenda na kurudi. Avignon inafaa, isipokuwa mwezi Julai, tamasha la maigizo alilolianzisha Jean Vilar mwaka 1947 linapoujaza mji hadi bei za vyumba zinapaa. Arles inafaa pia, hasa kwa mtu apendaye mji wa kutembea kwa miguu. Mimi huwashauri watu Nîmes, na si kwa sababu ndiko nyumbani kwangu. Stendi ya mabasi iko nyuma tu ya stesheni ya treni, na kutoka stesheni hadi uwanja wa Kirumi ni barabara moja iliyonyooka yenye miti. Uwanja wenyewe ulijengwa mwishoni mwa karne ya kwanza, ulichukua watazamaji kama 24,000, na hadi leo watu wanakaa kwenye mawe yale yale kusikiliza muziki.

Angalia tarehe mbili tu kabla ya kukata tiketi ya Nîmes: Feria ya Pentekoste na Feria ya Septemba wakati wa mavuno ya zabibu. Siku hizo ni za ng'ombe-dume, ngoma na mikesha mitaani. Anayetaka kulala mapema hatalala, na uwanja haufunguliwi kwa watalii wa kawaida. Angalia na tiketi ya treni pia. Baadhi ya treni za kasi kutoka Paris hazisimami mjini. Zinasimama Nîmes Pont-du-Gard, stesheni mpya iliyofunguliwa Desemba 2019, ambayo iko nje ya mji na, jina lake lisikudanganye, haiko karibu na daraja la Pont du Gard. Inabidi upande treni nyingine ikuingize mjini. Avignon nayo ina stesheni mbili, ya mjini na ya TGV, na kijitreni kinachokwenda baina yake kwa dakika chache.

Sasa nije kwenye mpango ninaoupenda kuliko yote, ambao kila mgeni wangu lazima aupitie. Warumi wa Nîmes walikuwa na chemchemi yao mjini, lakini mji ulikua na maji hayakutosha. Wakaenda kuyatafuta kwenye chemchemi ya Eure, bondeni chini ya Uzès. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 20. Katikati pana vilima na mabonde, kwa hiyo mfereji waliuzungusha hadi ukafika urefu wa kama kilomita 50. Kinachonishangaza kila nikikifikiria ni kwamba kati ya chemchemi na mwisho wa mfereji kule Nîmes tofauti ya kimo ni mita 12 na ushei tu. Maji yalitembea mwendo wote huo kwa uzito wake yenyewe, bila pampu, katika karne ya kwanza.

Watu wengi huenda peke yake Pont du Gard, daraja lililouvusha mfereji huo juu ya mto Gardon. Wanashuka, wanapiga picha ya matao, wanarudi kwenye gari. Daraja ni zuri hata hivyo, lakini nimeona tofauti kubwa machoni mwa mtu aliyeanzia kwenye chemchemi. Kwa hiyo tunapanda basi la asubuhi kwenda Uzès, siku ya Jumatano au Jumamosi. Hizo ndizo siku za gulio katika uwanja wa Place aux Herbes, chini ya miti mikubwa iliyozungukwa na nyumba za matao. Jumamosi gulio linajaa hadi vichochoro vya jirani, vikapu, vitambaa, mizeituni, sabuni, kila kitu, na umati wake ni wa kusukumana. Jumatano ni dogo, la wakulima wenyewe, na mimi nalipendelea. Muuza jibini wa mbuzi, yale madogo ya mviringo yaitwayo pélardon, atakuuliza unakula leo au kesho kabla ya kukuchagulia, na anabonyeza kila moja kwa kidole gumba kuona imeiva kiasi gani. Mwezi Mei kuna cheri. Januari kuna uyoga mweusi wa chini ya ardhi, trufle, ambao bei yake inamfanya hata tajiri anunue kidogo kidogo. Ufike mapema: ikikaribia saa saba mchana meza zimeshaanza kukunjwa.

Mji wenyewe unazungukika kwa saa moja na nusu bila haraka. Kuna mnara wa Fenestrelle wa karne ya 12, wa mviringo, ghorofa juu ya ghorofa za madirisha. Pembeni pana baraza lenye jina la Jean Racine, mwandishi wa tamthilia, aliyekuja kukaa hapa kwa mjomba wake mwaka 1661, bado kijana. Hapo ndipo njia ya miguu inapoteremka kwenda bondeni. Tukishanunua mkate na jibini tunateremka. Chini pana kivuli, mto mdogo wa Alzon, nyasi za kukalia, na vipande vya ule mfereji wa Kirumi. Maji bado yanatoka. Hapo ndipo tunapokula, na hapo ndipo ninapowaambia: haya maji yalikwenda Nîmes.

Alasiri basi linatupeleka Pont du Gard. Ukishafika, usisimame mbele tu. Nenda chini kabisa kwenye mawe ya mto Gardon utazame juu. Daraja lina ngazi tatu za matao na kimo cha karibu mita 49. Mawe ya ngazi mbili za chini yamepangwa bila lipu ya kuyashika, mengine yana uzito wa tani 6, na yalichimbwa umbali mfupi tu kando ya mto. Utaona mawe yanayotokeza nje ya ukuta kama vigingi. Hayakusahauliwa, yaliachwa ya kubebea jukwaa la mafundi. Kule juu, ndani ya mfereji, ambako unapanda kwa kuongozwa tu, ukuta umeota ukoko mnene wa chokaa. Ukoko huo uliachwa na maji yenyewe, mwaka baada ya mwaka, hadi ukapunguza upana wa njia. Maji yalipokwisha kupita, watu wa zama za kati waliligeuza kuwa kivuko na kuzitafuna nguzo za ngazi ya pili ili mikokoteni ipate nafasi. Barabara ya ubavuni tunayokanyaga leo ilijengwa miaka ya 1740. Wakati wa joto leteni nguo za kuogelea.

Sehemu ya tatu ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, nayo iko Nîmes mjini, mtaani, bila kiingilio. Inaitwa Castellum. Ni birika la mviringo lililochongwa kwenye mwamba, na ukutani mwake mna matundu kumi. Mfereji uliishia hapa, na kila tundu lilitoa bomba la risasi kupeleka maji sehemu yake ya mji. Binamu yangu wa Minnesota ni fundi bomba. Kule darajani alipiga picha mbili akaridhika. Hapa alishika chuma cha uzio akawa anayahesabu matundu kwa kidole, akaniuliza yapi yako juu na yapi yako chini, kisha akaanza kunieleza. Mteremko ukizidi maji yanakula mfereji. Ukipungua yanatuama na kuacha chokaa. Akasema kazini kwao wanagombana na jambo hilo hilo kila wiki. Tulikaa pale mpaka giza likaanza kuingia, na siku iliyofuata aliomba turudi Pont du Gard aone upya.

Tangu hapo nimewacha kuwauliza wageni wanataka kuona miji mingapi. Nauliza wanafanya kazi gani, wanapenda nini, na kutoka hapo natafuta uzi wa kuunganisha miji miwili au mitatu. Uzi ukipatikana, hata siku yenye mvua ina maana.

Habari ya chakula haina mengi, ila ukiipuuza utashinda na njaa. Mikahawa ya miji midogo hupika kuanzia saa sita mchana, na ikifika saa nane jiko limefungwa. Hawapiki tena mpaka saa moja usiku au zaidi. Maduka mengi na hata makumbusho madogo hufunga saa hizo hizo za mchana. Makumbusho mengi hufunga Jumatatu au Jumanne, kila moja na siku yake. Agiza sahani ya siku. Ndiyo ya bei nafuu na ndiyo iliyopikwa asubuhi ile. Kwa wageni wangu Waislamu, nyama ya halali inapatikana bila shida Nîmes, Avignon, Arles na Montpellier, lakini vijijini tunakula samaki, mayai na mboga, na tunauliza kama kuna mafuta ya nguruwe. Hawakasiriki kuulizwa. Salamu kwanza, lakini. Ukiingia dukani bila kusema bonjour, umeshaharibu mazungumzo kabla ya kuanza, na hilo mtu wa pwani halihitaji kufundishwa mara mbili.

Mama yangu alipokuja, miguu yake haikuwa ya kupanda vilima. Nikampangia Aigues-Mortes, kwa sababu treni ya kutoka Nîmes inafika kwa chini ya saa moja na mji wenyewe umelala chini kabisa, hauna mwinuko wowote. Mji huu uliwekwa na mfalme Louis wa tisa, ambaye hakuwa na bandari yake mwenyewe kwenye bahari hii. Alipandia merikebu hapa kwenda vita vya msalaba mwaka 1248, akarudi kupandia tena mwaka 1270 kwenda Tunis, ambako alifariki. Kuta zilijengwa baada yake na warithi wake, mita 1,634 za mzunguko, na zimesimama zote. Njia za maji zilijaa mchanga, na leo bahari iko kilomita kadhaa. Tulipanda ukutani polepole, tukipumzika kila mnara, na tulipofika upande wa kusini Mama akasimama. Mbele yetu kulikuwa na mashamba ya chumvi hadi macho yanapoishia, maji yake ya rangi ya waridi kwa sababu ya viumbe vidogo vya majini vinavyopenda chumvi nyingi, na mlima mweupe wa chumvi iliyovunwa.

Mama ni mtu wa Malindi. Chumvi ya Gongoni anaijua, amewaona watu wakiikwangua juani. Hakuniuliza kuhusu rangi ya maji. Aliuliza, "Nani anaikwangua?"

Nikamweleza kwamba siku hizi ni mitambo, lakini zamani walikuja vibarua wa msimu kutoka Italia na kutoka milima ya Cévennes, na kwamba Agosti 1893 ulizuka ugomvi wa kazi, umati wa watu ukawawinda Waitaliano ndani ya mji huu huu na nje ya kuta zake. Waliuawa si chini ya wanane, na mahakama haikumtia hatiani mtu yeyote. Mama aliitazama chumvi kwa muda. Akasema, "Kibarua akifia kwa watu, nani humwombea?" Nikanyamaza, kisha tukaomba dua pale pale juu ya ukuta.

Kisha tukaingia mnara wa Constance, wenye kuta nene kama mita 6. Baada ya mfalme Louis wa 14 kupiga marufuku Uprotestanti mwaka 1685, mnara huu uliishia kuwa gereza la wanawake wa Kiprotestanti. Marie Durand aliingizwa mwaka 1730 akiwa na miaka 19, kosa lake kubwa likiwa ni kuwa dada wa mchungaji. Alitoka mwaka 1768. Kwenye jiwe la ukingo wa tundu lililo katikati ya sakafu kuna neno lililochongwa, la kuhimiza watu wakatae kusalimu amri, na wengi huamini kwamba ni la mkono wake. Kuikana tu imani yake kungemfungulia mlango siku yoyote katika miaka ile 38. Mama aliinama akalitazama, halafu akataka kujua alipotoka alikwenda wapi. Alirudi kwao, nyumba ya wazazi wake katika milima ya Vivarais, akafia huko mwaka 1776. Jibu hilo lilimtuliza.

Mchana ule tulikula brandade, chakula cha Nîmes. Ni samaki wa bahari ya kaskazini aliyekaushwa kwa chumvi, akalowekwa, akapondwa na mafuta ya zeituni mpaka akawa laini kabisa. Wavuvi wa kaskazini walikuja kuchukua chumvi huku na kubadilishana kwa samaki, ndivyo ng'onda wa mbali alivyogeuka chakula cha mji usio na bahari. Mama alikula akaomba ndimu. Ikaletwa.

Siku ile tuliona mji mmoja na treni ya jioni ikaturudisha. Hakuna aliyelalamika kwamba tumeona machache.

Arles nayo ina siku yake, Jumamosi, gulio linaposambaa kwenye Boulevard des Lices na mtaa wa jirani hadi hujui linaishia wapi. Inagongana na Jumamosi ya Uzès, kwa hiyo ndiyo sababu nyingine ya kwenda Uzès Jumatano. Watu huja Arles wakimtafuta mchoraji Van Gogh, aliyefika Februari 1888 na kuondoka Mei 1889 kwenda hospitali ya Saint-Rémy. Picha zake nyingi ziko mbali na hapa. Mwanga aliokuja kuutafuta ndio uliobaki, na saa yake ni jioni kando ya mto. Makumbusho ya mambo ya kale ya Arles mimi nayaweka mbele ya vyote, kwa ajili ya jahazi la Kirumi lililotolewa chini ya mto Rhône, mbao zake zote na mzigo wake wa mawe. Mtu yeyote aliyekulia karibu na madau na majahazi atakaa pale kuangalia jinsi mbao zilivyounganishwa.

Kutoka Arles basi linakwenda Saintes-Maries-de-la-Mer, likikata Camargue, nchi ya mpunga, farasi weupe na heroe. Kanisani, ngazi zinateremka kwenye chumba cha chini chenye sanamu ya Sara, mtakatifu mweusi wa Waroma (wale waliozoeleka kuitwa Wajipsi, si Warumi), aliyevikwa majoho juu ya majoho. Tarehe 24 Mei humchukua kwa msafara hadi ndani ya bahari, na watu wanatoka nchi nyingi. Ukitaka utulivu usiende siku hiyo. Ukitaka kuwaona watu katika mapenzi yao ya dini, hiyo ndiyo siku yenyewe. Joto la mishumaa mle chini ni kali. Shangazi yangu, mtu wa kuzuru makaburi ya masharifu, alisimama mlangoni akasema haya mapenzi anayafahamu, ijapokuwa dini si yake.

Les Baux naiandikia kidogo. Kijiji kiko juu ya mwamba, kizuri sana, na hujaa mno. Mabasi yake ni machache na yanategemea msimu. Mwaka 1821 mtaalamu wa madini Pierre Berthier alitambua hapa jiwe ambalo baadaye lilipewa jina la kijiji, boksiti, na ndilo linalozaa alumini ya masufuria yetu. Kama una gari, fika kabla ya saa tatu asubuhi. Dereva mgeni achukue leseni ya kimataifa nyumbani kabla ya safari, na ategemee kuegesha nje ya kijiji na kulipa. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, njia za miguu za milima ya Alpilles hufungwa siku zenye hatari ya moto, na tangazo la kesho hutolewa jioni ya leo. Upepo wa mistral nao uheshimiwe. Unashuka na bonde la Rhône kutoka kaskazini, unaweza kuvuma siku kadhaa, unasafisha anga mpaka milima ya mbali inaonekana kama imesogea. Nyumba za shambani zimeupa mgongo, na ile mistari ya mivinje mirefu mashambani ilipandwa kuukinga. Siku ya mistral usipande Pont du Gard wala kuta za Aigues-Mortes na mtoto au mzee. Nenda mji wenye vichochoro.

Carcassonne ndiyo pekee ninayosema ilalwe. Kwa treni ni kama saa mbili kutoka Nîmes, na ukienda na kurudi siku moja unafika pamoja na umati na kuondoka pamoja nao. Ngome ina kuta mbili na minara 52; kuzurura ndani yake ni bure, unalipia kasri na kupanda kuta. Sehemu kubwa ya tunachokiona ilikarabatiwa kuanzia mwaka 1853 kwa mipango ya msanifu majengo Viollet-le-Duc, na ubishi juu ya mapaa yake yaliyochongoka haujakwisha. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mabasi ya watalii yanaondoka na mji unarudi kwa wenyewe. Njiani, ukishuka Narbonne kwa saa chache, mbele ya jumba la manispaa utaona kipande cha Via Domitia kimefunuliwa, barabara ya Kirumi iliyoanza kujengwa mwaka 118 kabla ya Kristo, ile ile iliyopita Nîmes.

Shangazi anakuja tena, na safari hii kachagua Novemba kwa sababu nauli ni nafuu. Nimemwambia ukweli wote. Kuanzia Septemba mvua za Cévennes hushuka kwa nguvu isiyo ya kawaida. Septemba 2002 mito ya hapa ilifurika na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Idara ya hali ya hewa hutoa tahadhari kwa rangi kwa kila wilaya. Ikiwa ya rangi ya chungwa hatutoki kwenda kando ya mto wowote, ikiwa nyekundu hatutoki kabisa. Siku nyingine Novemba ni mwezi mzuri: jua la ubaridi, mji bila foleni, mahoteli yanapunguza bei. Na minara na kuta za Aigues-Mortes, pamoja na kasri la Carcassonne, huingiwa bure Jumapili ya kwanza ya mwezi kuanzia Novemba hadi Machi. Aigues-Mortes tutakwenda Jumapili hiyo, kwa treni, nimeshaangalia ya kurudi. Jumatano tutakwenda Uzès. Ameniomba jioni zote zilizobaki ziwe za kukaa nyumbani, na nimekubali.